Dola 3 za Prentice

Sisi wapima macho tulianza kwa kujisifu kwamba hatugusi dawa. Wanafunzi wangu, ambao mkono wao wa kwanza huenda kwenye chupa ya matone, hucheka nikiwaambia.

Mwaka 1892, New York, fundi wa miwani Charles Prentice alimwandikia bingwa wa macho Henry Noyes kuhusu mgonjwa, akataja kuwa amemtoza dola 3 za kupimwa. Noyes akaja juu: ada ni ya daktari, fundi auze miwani tu. Prentice hakunyamaza, na kutokana na vita hivyo zikaja sheria za kuitambua kazi yetu. Minnesota ilitangulia 1901, New York ikafuata 1908. Sharti la sheria hizo likawa kupima macho bila dawa.

Fahari hiyo ilitugharimu. Mboni isipopanuliwa, pembezoni mwa retina utapachungulia kwa kubahatisha. Januari 1968 viongozi wachache, wakiwemo Alden Haffner na Irvin Borish, walikutana LaGuardia, New York, wakaamua sharti hilo life. Rhode Island iliruhusu matone ya uchunguzi 1971. West Virginia ilikwenda mbali zaidi 1976, ikaruhusu kutibu. Gavana alikataa kutia saini, bunge likampiku.

Madaktari walipinga kwa wivu, ndiyo, lakini si wivu mtupu. Chukua jicho jekundu linalotoka machozi. Ukilitia matone ya steroidi wekundu unapungua na mgonjwa anakushukuru. Kumbe ni hepesi: ungelitia rangi ya fluoresini ukamulika kwa taa ya buluu, ungeona kidonda chenye matawi juu ya konea, na steroidi imekifungulia njia. Hata asiye na hepesi, akitumia dawa hiyo kwa muda mrefu, presha ya jicho inaweza kupanda kimyakimya, bila maumivu.

Ndiyo maana naupenda mpango wa Uingereza wa 2008 kuliko mabishano ya Marekani. Anayetaka kuandika dawa kwa mamlaka yake husoma zaidi, hufanya mazoezi chini ya msimamizi, kisha sifa hiyo huandikwa kwenye rejista ya General Optical Council. Sindano haziandiki, wala dawa za kulevya zinazodhibitiwa, na haruhusiwi kutoka nje ya jicho na sehemu zinazolizunguka.

Mabishano hayo ya Marekani yalidumu: Massachusetts, inayopakana na Rhode Island iliyotangulia 1971, iliwaruhusu wapima macho wake kutibu glakoma, ugonjwa wa presha ya jicho, mwaka 2021 tu.