Kabla ya Tofali na Bati: Nyumba ya Miti Iliyowapa Watu wa Pwani Makazi, Kodi na Machungu

Siku hizi ukifungua simu tu unakutana na video ya jamaa yuko msituni na shoka lake, anajijengea kibanda cha magogo. Komenti zinamiminika, kila mtu anatamani maisha hayo. Kumbe hapa Pwani hayakuwa ya kutamani kwenye simu, ndiyo yalikuwa maisha yenyewe. Kuanzia Sofu pale Kibaha mpaka vijiji vya Kisarawe, kote ambako leo watu wanapimiwa viwanja na kushusha tofali, babu na bibi walikaa kwenye nyumba za miti na udongo walizojenga kwa mikono yao. Historia yake ina utamu, ila ina machungu pia.

Ujenzi ulikuwa hivi. Mwenye nyumba anaingia porini na panga na shoka, anachagua miti migumu ambayo mchwa hawaimalizi haraka. Hizo ndizo nguzo. Zinasimikwa kwenye mashimo, za katikati zikiwa ndefu zaidi ili zibebe mwamba, yaani ule mti wa juu kabisa wa paa. Kutoka kwenye mwamba yanashuka makombamoyo. Halafu fito zinafungwa kwa kulala, ndani na nje ya nguzo, kwa kamba za magome ya miti, mpaka ukuta unakuwa kama tenga. Msumari hakuna, saruji hakuna. Paa linaezekwa kwanza, kwa makuti au nyasi, ndipo udongo unakandikwa. Ukifanya kinyume, mvua moja tu ya masika inakurudisha mwanzo.

Ila usidanganyike na yule jamaa wa kwenye video anayejenga peke yake. Kukata miti mtu aliweza mwenyewe, kukandika ilikuwa shughuli nyingine. Maji yabebwe, udongo ukanyagwe kwa miguu, ukuta ujazwe pande zote mbili kabla haujakauka. Ndugu na majirani waliitwa, mwenye nyumba akapika, nyimbo zikaimbwa, jioni ukuta umesimama. Pesa halipwi mtu. Malipo ni kwamba jirani akianza kujenga, na wewe unaenda.

Na miti ya Pwani haikuishia kwenye vibanda. Boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji zilipakiwa kwenye majahazi kwenda Zanzibar, Uarabuni na Ghuba. Ukiingia kwenye majumba ya mawe ya zamani kule Zanzibar au Lamu utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana kama mita 2.5 hadi 3 hivi. Sababu ni boriti: dari haliwezi kuvuka urefu wa mti unaolibeba. Tajiri na ghorofa lake bado alipimiwa chumba na mti wa matopeni!

Kisha serikali ikabisha hodi. Mwaka 1898 Wajerumani walianzisha kodi ya kibanda, na nyumba iliyojengwa bila senti ikaanza kudaiwa rupia. Kodi hiyo, pamoja na kazi za shuruti na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, ilikuwa kati ya kero zilizowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905, na moto wake ulifika mpaka Uzaramo. Wakaja Waingereza, na mwaka 1924 wakaigawa Dar es Salaam kanda tatu kwa aina ya majengo. Nyumba za udongo zikawekwa kanda ya Waafrika. Tangu hapo ukuta wa udongo ukawa kama kitambulisho cha hali ya mtu, na ile aibu ya kusema "kwetu nyumba ya udongo" ikapata pa kuota.

Pigo kubwa lilikuja baada ya uhuru. Jirani zao wa Rufiji walianza kuhamishwa mwaka 1969, baada ya mafuriko ya mwaka uliotangulia. Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni lazima, na kazi iwe imekamilika ifikapo mwisho wa 1976. Nia iliyoelezwa ilikuwa nzuri: shule, maji na zahanati viwafikie watu kwa pamoja. Lakini katika sehemu mbalimbali za nchi, nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Waliokuwa vijijini mwaka 1973 walikuwa kama milioni 2. Kufikia 1977 ilitangazwa kuwa ni kama milioni 13.

Wengi walishushwa mahali ambapo nyumba bado hazijajengwa. Kilichowaokoa ni ufundi uleule: panga, nguzo, fito, udongo. Nyumba ambayo ni rahisi kujengwa ndiyo hiyohiyo rahisi kubomolewa, na aliyeibomoa aliona ni fito tu na matope. Hakuhesabu minazi, mikorosho na makaburi yaliyoachwa nyuma.

Ndiyo maana mzee wa Pwani akitaka kukuonyesha kwao, hakuonyeshi ukuta. Ukuta ulishayeyuka na mvua zamani. Anakupeleka mahameni, anakuonyesha mwembe aliopanda babu yake.

Leo huwezi kuingia tu na shoka kwenye misitu ya hifadhi kama Pugu na Kazimzumbwi, maana Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali. Kwa hiyo kile kibanda cha kwenye video kina masharti yake. Lakini ukinunua kiwanja Kibaha au Kisarawe ukakuta miembe mizee imesimama bila nyumba karibu, kabla hujaita watu wa kukata, waulize wenyeji nani aliipanda. Huenda sebule yako inasimama juu ya sebule ya mtu.