Mshenga, si mwindavichwa

Kamati moja, ambayo staha yanizuia kuitaja, imeamua kwamba kampuni inayozitafutia kampuni nyingine wakurugenzi iitwe "mwindavichwa", kwa kufuata "headhunter" ya Kiingereza. Hapo wametafsiri fuvu, maana wameiacha. Nchi iliyongoja hadi 1954 kurudishiwa fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe kutoka Ujerumani haihitaji kufundishwa kuwinda kichwa ni nini.

Hasimu wangu mmoja, mwenye kamusi nyingi kuliko subira, ameleta "dalali wa viongozi". Nakiri mzizi wake una heshima: kwa Kiarabu, asili yake ni kuonyesha njia, humo ndimo ilimotoka dalili yetu, na dalil wa Waarabu ni mjuzi wa njia anayetangulia msafara. Lakini neno huhama. Lilipofika kwetu, dalali alishika nyundo akanadi nyumba za wadaiwa. Mkurugenzi naye anadiwe?

Kikao kingefanyika Tabora, chini ya miembe ya njia ya misafara, tusingepotea hivi. Pale tungekumbuka jinsi matajiri wa Unguja, mfano Taria Topan, walivyotoa mtaji wa misafara. Msafara ukapanda hadi Unyanyembe, eneo la Tabora. Faida ikasubiriwa pwani. Sewa Haji wa Bagamoyo alikusanya wapagazi kwa mamia: huyo ni wakala wa ajira, na jina hilo linamtosha. Lakini Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa misafara, hakuwa mmoja wa mamia. Alianza na wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke 1857. Speke akamrudia 1860, wavumbuzi wengine nao wakamtaka, Stanley 1871, Cameron 1873. Mtu wa namna hiyo hakusanywi, huposwa.

Na anayeposa kwa niaba ya mwingine ni mshenga. Hutumwa na upande mmoja, hutunza siri za pande mbili, hubisha hodi kwa mtu ambaye hajatangaza kwamba anatafuta. Nilipolisema neno hilo kikaoni, walicheka. Barua yangu ya kurasa nne ingali inangoja jibu.

Matumizi? Kampuni ya teknolojia iliyonunuliwa na mfuko wa mtaji binafsi imuulize mshenga: ni kampuni zipi amefungwa asizichukulie watu, nani hasa atakayeifanya kazi ya kutafuta, na je, amewahi kumpata kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, anayejua kwamba baada ya miaka michache msafara lazima urudi pwani, mfuko uuze hisa zake? Ujira, kwa desturi, ni kama theluthi ya malipo ya kiongozi ya mwaka wa kwanza. Yatosha.

Wanakamati wenyewe, naamini, walipotaka kuoa walituma washenga. Sijasikia aliyemtuma mwindavichwa ukweni.