Kasha Likifunguliwa Kibenga

Ukifungua kasha la kompyuta ya mezani ya mwaka 2008 hivi, kinachokulaki kwanza ni vumbi. Katika nyumba za Kibenga, kusini mwa Bujumbura, vumbi hilo limekwisha kuchanganyika na unyevu wa Ziwa Tanganyika, likaganda kama ukoko chini ya sufuria. Lisugue kwa brashi ya rangi. Pembeni mwa ubao mama utaona soketi ndefu ya pini 40 isiyochomekwa kitu, na karibu yake soketi nne ndogo. Moja kati ya hizo nne imeshika waya wa diski ngumu ya gigabaiti 160.

Mwenye mashine amemwita fundi kwa sababu inachukua karibu robo saa kuwaka. "Fundi, mashine imezeeka," anasema. Fundi hajibu. Anachomoa mfukoni diski ya SSD, nyembamba, nyepesi kuliko simu, na kuiweka mezani kando ya bisibisi.

Mimi niko upande wa fundi. Kilichozeeka mle ndani ni kitu kimoja tu, na vingine vyote vinakisubiri.

Diski ngumu ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde. Kabla ya kusoma chochote, kichwa cha kusomea lazima kisogee hadi kwenye mstari wake, kisha kingoje sahani izunguke na kuleta kipande kinachotakiwa. Kila safari hula takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Ni muda mfupi, mpaka ukumbuke kwamba Windows inapowaka huomba maelfu kwa maelfu ya vipande vidogovidogo vilivyotawanyika. Ni kama mtoto anayetumwa dukani kwa chumvi, akarudi, akatumwa kwa kiberiti, akarudi, akatumwa kwa kitunguu. Kikapu chake si kizito hata kidogo. Anachoka kwa safari. SSD haina sahani wala kichwa cha kusogeza. Kwa hiyo hata soketi ya zamani inayopitisha megabaiti 300 tu kwa sekunde, nusu ya zile za baadaye, haimzuii fundi kufanya muujiza wake.

Safari hizo za kichwa zilianza mwaka 1956, IBM ilipotangaza mashine ya RAMAC. Kikosi kilichoibuni huko San Jose, California, kiliongozwa na Reynold Johnson, mtu aliyewahi kuwa mwalimu wa sekondari. Diski yake ilikuwa na sahani 50, kila moja na kipenyo cha sentimita 61, ikawa na uzito wa karibu tani nzima. Iliweka herufi milioni 5. Picha mbili za simu ya leo zingeijaza.

Afrika Mashariki haikuchelewa sana kuonja mashine kubwa, ila ilionja kwa uchungu. Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata kompyuta mwaka 1965. Mahesabu ya serikali yalipohamishiwa kwenye mashine yakavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Leo tunaweza kucheka, lakini uamuzi ule ulikuwa na akili yake: mashine ya kukodi, wataalamu wa kigeni, na vipuri visivyopatikana ng'ambo hii ya bahari. Kilichobadilisha mambo ni mashine kuwa ndogo kiasi cha mtu wa kawaida kuifungua mwenyewe. Mwaka 1980 Seagate ilitoa diski ndogo ya megabaiti 5, na mwaka 1983 IBM ikauza kompyuta yake ya mezani, XT, ikiwa na diski ya megabaiti 10 ndani. Hapo ndipo fundi wa bisibisi alipopata kazi.

Diski za miaka ile zilikuwa na adabu yake. Kabla ya kuzima mashine ilibidi uamuru kichwa kikaegeshwe pembeni, la sivyo kingetua juu ya data. Jaribu kupeleka desturi hiyo kwenye mji ambao umeme hukatika bila kubisha hodi! Ahueni ilikuja pale diski zilipofundishwa kujiegesha zenyewe, kwa nguvu ya sahani zinazoendelea kuzunguka baada ya umeme kwenda.

Sasa ile soketi ya pini 40. Ilianza katikati ya miaka ya 1980, Compaq ikiwa miongoni mwa walioileta, na kwa karibu miaka 20 ndiyo ilikuwa mlango wa diski zote za kawaida. Lakini waliotengeneza mlango walikuwa wachoyo wa tarakimu. Kwanza mashine zikagoma kuona zaidi ya megabaiti 528. Wakapanua, ukuta ukahamia gigabaiti 8.4. Wakapanua tena, ukasimama kwenye gigabaiti 137, kwa sababu anwani ya kila kipande ilikuwa na tarakimu 28 tu za sufuri na moja. Mtu alinunua diski ya gigabaiti 200, mashine ikamwonyesha 137, akarudi dukani na ngumi. Muuzaji hakuwa na kosa, ingawa nadhani hakuna aliyemwamini. Kiwango kipya cha mwaka 2002 kiliongeza tarakimu, na mwaka uliofuata zikaanza kuonekana soketi ndogo za SATA, zile nne za pembeni.

Ukuta wa mwisho mashine ya 2008 inao bado: kwa mpangilio wa zamani haiwezi kuwaka kutoka kwenye diski na kuitumia yote ikipita terabaiti 2.2. Kwa SSD ya gigabaiti 240 hilo halimkoseshi mtu usingizi.

Bei ndiyo iliyochelewesha SSD. Fujio Masuoka wa Toshiba alitangaza kumbukumbu ya flashi, ile inayotumiwa na SSD, mwaka 1984, na mwaka 1991 tayari kulikuwa na SSD sokoni, ya megabaiti 20, kwa bei ya maelfu ya faranga kwa kila megabaiti. Wakati huo sahani zinazozunguka zilikuwa rahisi na bei yake ilizidi kushuka. Ikafika mwaka 2011. Mafuriko yakaingia viwandani Thailand, nchi iliyokuwa ya pili duniani kwa kutengeneza diski ngumu, na bei zikaruka dunia nzima. Mtu wa Kibenga hahitaji kuelezwa picha hiyo. Mwaka 2021 ziwa lilitoka kwenye kingo zake likaingia nyumbani mwa watu, wakahama na walichoweza kubeba. Diski ngumu iliyobaki sakafuni siku ile ilikunywa maji, maana nyingi zina tundu dogo la kupumulia kwenye kifuniko.

Fundi wetu amemaliza kunakili. SSD ni ndogo kuliko nafasi iliyoachwa na diski, hivyo ameibandika kwa utepe wenye gundi pande mbili. Haitikisiki kwa kuwa hakuna kinachozunguka. Mpangilio wa BIOS, programu inayoiamsha mashine, hakuugusa, kwa sababu ukibadilisha namna ya kusoma diski kabla ya kuiandaa Windows, skrini inageuka buluu na mteja anageuka mwekundu. Windows 10 yenyewe iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine hii haikubaliwi na ile iliyofuata, kwa hiyo fundi ameweka na Linux kando yake. Imewaka kabla chai haijamiminwa.

Diski ya zamani hakuitupa. Ameichomeka kwenye soketi ya pili, humo mna picha za harusi, na kasha ameliinua kutoka sakafuni akaliweka juu ya meza.