Damu ya mwanao ikichukuliwa kwa utafiti, inakwenda wapi?

Mtoto wa kilo 10 ana takriban mililita 800 za damu. Kichupa cha mililita 5 ni sawa na kijiko kimoja cha chai, na mwili wake utaifidia.

Kichupa hubandikwa namba badala ya jina, kisha hupelekwa maabara mapema katika kiboksi cha baridi. Damu ikichelewa kwenye joto huharibika, na mwanao atakuwa amechomwa sindano bure. Huko huzungushwa kwenye mashine ili majimaji yajitenge na chembe. Majimaji hayo yakigandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, hudumu miaka mingi.

Miaka hiyo ndiyo ya kuulizia. Kabla ya kutia sahihi au dole gumba, omba usomewe fomu kwa lugha unayoielewa: je, sampuli itatumika kwa tafiti nyingine? Itapelekwa nje ya nchi? Una haki ya kukataa, na matibabu ya mwanao yasibadilike. Ukighairi baadaye, omba kilichobaki kiharibiwe, ingawa matokeo yaliyokwishapatikana hayafutiki. Tunza nakala ya fomu yenye namba. Bila hiyo, kukipata kichupa chake ni kazi.