Romarini na tauni: chai hii imetoka wapi?

Mnajua ule ujumbe unaozunguka kwenye simu zetu, eti kunywa chai ya romarini asubuhi na jioni utapona malaria, presha, sukari, mpaka na kusahau. Mama mmoja wa upande wetu hapa Kyangwali aliuamini. Mtoto wake alishikwa na homa kali, yeye akamchemshia majani siku mbili. Siku ya tatu tukambeba mpaka kituo cha afya, wakamtoboa kidole, kumbe malaria. Leo mtoto anacheza mpira, Mungu asifiwe, lakini siku mbili kwa mtoto mwenye malaria ni nyingi sana. Mama simlaumu, alifanya alichoambiwa. Ila mimi nilianza kujiuliza: nani wa kwanza alisema mti huu unaponya kila kitu?

Sisi tuliosoma Kifaransa tunasema romarini, wenyeji hapa wanasema rosemary. Ni ile miti mifupi yenye majani membamba kama sindano, kijani juu na meupe chini. Ukiyasugua, harufu inabaki mkononi mpaka usiku. Kwao si Afrika yetu hii. Kwao ni pwani za Bahari ya Mediterania, kwenye mawe na jua kali, na jina lake la Kilatini maana yake ni umande wa bahari.

Chai yenyewe ni ya zamani. Karne ya kwanza kulikuwa munganga Mgiriki, Dioscorides, aliyeandika kitabu kikubwa cha miti ya dawa. Aliandika kwamba romarini inapasha mwili joto, na kwamba ukiichemsha ndani ya maji na kunywa kabla ya mazoezi inaponya homa ya manjano ya macho. Karibu mwaka 800 mfalme Charlemagne alitoa amri kuhusu mashamba yake, na katika orodha ya mimea ya kupandwa romarini imo. Watawa nao waliipanda na kuikausha kwenye ghala zao za dawa.

Mpaka hapo ilikuwa dawa moja kati ya nyingi. Iliyoipa jina kubwa ni tauni, ile tunayoita pesti. Tauni iliingia Ulaya mwaka 1347 na ndani ya miaka michache iliua theluthi ya watu, pengine zaidi. Waganga wa wakati ule waliamini ugonjwa unatoka kwenye hewa chafu, hewa inayonuka. Ukiwaza hivyo, dawa ni nini? Ni harufu nzuri. Basi watu wakachoma romarini ndani ya nyumba, wakatembea na tawi puani, wakaitia kwenye siki ya kujipaka. Katika karne ya 17 kulikuwa na waganga waliovaa barakoa zenye mdomo mrefu kama wa ndege, ndani wameshindilia majani ya kunukia.

Mwaka 1603 tauni ilipiga London, ikaua watu karibu 30,000. Mwandishi Thomas Dekker, aliyekuwa mjini wakati huo, aliandika kwamba romarini iliyouzwa peni 12 mzigo wa kujaza mikono ilipanda mpaka shilingi 6 kwa kiganja kimoja tu. Shilingi moja yao ilikuwa peni 12. Pigeni hesabu wenyewe: bei mara sita, na kipimo kimepungua. Sisi tuliopanga foleni ya posho wakati bei ya unga inapanda tunajua sura ya muuzaji wa siku kama hizo.

Waingereza pia walikuwa wanashika romarini kwenye harusi na kuitupa kaburini, maana kwao ni mti wa kukumbuka. Hapo nilisimama kidogo kusoma. Wengi wetu tumeacha makaburi ng'ambo ya Ziwa Albert bila hata tawi.

Turudi kwenye tauni. Je, romarini iliizuia? Hapana. Mwaka 1894 Alexandre Yersin aliona kijidudu chake kule Hong Kong. Mwaka 1898 Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, akaonyesha kwamba viroboto njo vinakitoa kwa panya na kukileta kwa mtu. Kwa miaka zaidi ya 500 watu walikuwa wanapigana na harufu, na adui anatembea kwenye majani ya kitanda. Pengine harufu kali ilikimbiza kiroboto mmoja mmoja, maana hata leo mafuta ya romarini yanatiwa kwenye dawa fulani za kufukuza wadudu. Lakini aliyekwisha kuumwa hakusaidiwa na majani.

Hii kwetu si hadithi ya Wazungu wa zamani tu. Sisi wa Ituri tunajua tauni ingali kwetu. Ukiona panya wanakufa ovyo kijijini, unaenda kusema kwa watu wa afya. Inatibiwa kwa antibiotiki kama streptomisini, na ukichelewa inaua haraka. Hakuna chai inayoingia hapo. Na malaria ni vilevile.

Sasa msiseme nimeitukana romarini. Mwaka 1958 wakemia wa Italia walitoa ndani ya majani yake asidi wakaipa jina la mti wenyewe, asidi ya rosmariniki. Tangu 2010 nchi za Umoja wa Ulaya zinaruhusu dondoo yake kutiwa kwenye vyakula ili mafuta yasichache. Wasimamizi wa dawa wa huko wanaikubali kama dawa ya kienyeji ya tumbo lililojaa gesi au linalosokota kidogo, kwa sababu imetumika muda mrefu. Wanasema ni ya watu wazima na vijana waliopita miaka 12, na wajawazito hawashauriwi kuitumia kama dawa. Mafuta yake makali ya chupa usiyanywe kabisa.

Kuna jambo lingine ambalo ujumbe wa simu hausemi. Romarini, kama majani ya chai ya kawaida, inazuia mwili kuchukua chuma kilicho katika maharagi na mboga. Sisi chakula chetu ni posho na maharagi, na dada zetu wengi wana upungufu wa damu. Kwa hiyo usinywe pamoja na chakula. Ngoja saa moja au mbili.

Namna ya kutengeneza: kijiko kidogo cha majani makavu kwa kikombe kimoja, mwagia maji yaliyochemka, funika dakika kumi ili harufu isipotee, chuja. Sukari ukiwa nayo. Mimi naipenda jioni, tumbo linatulia.

Yule mama bado anayo mbele ya nyumba yake na hajaing'oa. Anasema anayetaka kupanda aende na kopo lenye udongo, atamkatia kijiti. Maji kidogo tu, ikilowa sana mizizi inaoza.