Mifereji ya Engaruka na Swali la Wambulu

Atajapo mtu mji wa mifereji, fikira za wengi huvuka bahari zikaenda Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya visiwa, ambamo mifereji ndiyo njia kuu na mwenda kwa miguu huvuka madaraja yapitayo 400. Katika bara letu la Tanzania upo mji wa mifereji usiohitaji madaraja, maana mifereji yake haikujengwa kwa kupitisha mashua bali kwa kupeleka maji mashambani, na mingi yake mtu mzima huivuka kwa hatua moja. Mji huo ni Engaruka. Uko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kaskazini ya Ziwa Manyara, katika wilaya ya Monduli. Lakini habari zake zawagusa mno watu wa Mbulu na Hanang, kwani kila iulizwapo ni nani aliyeujenga, jina la Wambulu halikosi kutajwa. Nia yetu ni kuutembea kwanza mji huo, kisha kulipima swali hilo kwa ushahidi wa mifereji yenyewe.

Tunatumia neno "mji" kwa hadhari. Msomaji wa pwani asitarajie misikiti, maghorofa ya mawe, wala ukuta wa boma kama alivyozoea kuona Kilwa au Gedi. Engaruka ni vijiji saba vilivyopangana chini ya mlima, pamoja na mashamba yake. Hata hivyo, katika Kiswahili cha bara mtu huweza kusema "mji wangu" akiwa na maana ya nyumba yake, zizi lake na shamba lake, na kwa maana hiyo ya zamani jina hili lawafaa watu wa Engaruka kuliko wafaavyo wengi wakaao mijini leo.

Atokaye Mbulu hupita Karatu, huteremka ukingo wa Bonde mpaka Mto wa Mbu, kisha hushika njia ya kaskazini kwa kilomita zipatazo 60, ukingo ukiwa mkono wake wa kushoto. Nchi yote hiyo ni kavu, yenye vumbi na miiba. Afikapo Engaruka Juu huuona mto ukitoka katika korongo, mto usiokauka kwa kuwa chanzo chake ni misitu ya milima ya juu, upande wa Empakaai. Hapo ndipo huanza kuelewa sababu ya mji kuwapo, kwa kuwa ukiuondoa mto huo hakuna ambaye angethubutu kupanda mbegu mahali pale.

Mteremko wa chini wa mlima umekatwa vipande kama ngazi, na kila kipande kimezuiliwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa. Juu ya vipande hivyo zilisimama nyumba za miti na nyasi. Nyumba zimekwisha kutoweka, viwanja vimebaki. Kati ya viwanja vipo vijia vilivyopangwa mawe kando. Chini ya vijiji, katika tambarare, ndiko yaliko mashamba, ambayo eneo lake lote hukadiriwa kuwa kama hekta 2,000. Mtu akitazama kutoka juu jua likiwa limeinama huona mistari ya mawe imekatana, ikienda mbali.

Mfereji mkuu hutambulikana kwa safu mbili za mawe zinazokwenda sambamba. Yule aufuatao kwa miguu, kutoka karibu na mdomo wa korongo kuelekea mashambani, hushangaa kuona jinsi unavyoshuka polepole. Ukishuka kwa kasi, maji yangebomoa kingo. Ukikaribia kuwa sawa, maji yangetuama na tope lingeuziba. Wajenzi hawakuwa na chombo cha kupimia tukijuacho sisi, ila maji yenyewe na macho yao. Kutoka mfereji mkuu hutoka matawi, na kutoka matawi hutoka vijitaro viingiavyo katika viwanja vidogo vilivyosawazishwa na kuzungushiwa mawe, ili maji yaenee pote sawa. Hapa na pale pana marundo makubwa ya mawe yaliyookotwa shambani, na pana mazingo ya mawe ambayo yamkini yalikuwa mazizi.

Uchunguzi wa miaka ya karibuni, hasa ule wa Daryl Stump, umeongeza jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko ukuta wowote. Baadhi ya mashamba hayakukutwa pale, yalitengenezwa. Maji ya mifereji yalibeba udongo laini kutoka juu, nao wakulima wakajenga vizuizi vya mawe ili udongo ule utue nyuma yake, tabaka juu ya tabaka, mpaka penye changarawe pakawa shamba. Kazi ya namna hii haiwezi kuwa ya mwaka mmoja, wala ya amri ya mfalme mmoja. Ni ya baba, mwana na mjukuu.

Wazungu waliouandika mji huu wa kwanza wao alikuwa Mjerumani Gustav Fischer, aliyepita huko mwaka 1883, akafuatwa na Hans Reck mwaka 1913. Mwaka 1935 alikuja Louis Leakey, akahesabu viwanja vya nyumba kwa maelfu, akakadiria kwamba wakazi walizidi 30,000. Hesabu hiyo ilipendeza sana magazetini, hata ikazaliwa hadithi ya "mji uliopotea". Hamo Sassoon alichimba mwaka 1964 na tena mwaka 1966, na baada yake John Sutton akairudia kazi hiyo kwa miaka mingi. Na kwa vipimo vya makaa imejulikana kuwa mji ulikaliwa tangu kama karne ya 15 mpaka karne ya 18. Ndipo hesabu ya Leakey ilipopunguzwa sana. Kosa lake ni jepesi kulieleza: kuhesabu kila kiwanja na kila shamba kana kwamba yote yalitumika siku moja. Watu walihama kutoka kiwanja hiki kwenda kile, na shamba lililochoka liliachwa likalimwa jingine.

Sasa tulitazame swali la wajenzi. Wairaqw, ambao kwa Kiswahili wengi huwaita Wambulu, husema lugha ya jamii ya Kikushi, tofauti kabisa na lugha za Kibantu na ile ya Kimasai zilizo jirani nao. Zamani za ukoloni walikuwapo wataalamu walioamini kwamba kila kazi ya mawe katika Afrika ya Mashariki lazima iwe imeletwa na watu wa kaskazini waliowaita Wahamiti, G. W. B. Huntingford alipoandika mwaka 1933 juu ya "ustaarabu wa Azania" aliipa fikira hiyo nguvu. Twashuku kwamba Wambulu walipewa Engaruka kwa sababu ya lugha yao kabla ya mtu yeyote kulinganisha jembe lao na shamba la Engaruka. Sifa itolewayo kwa njia hiyo haimheshimu mtu, maana chini yake lipo wazo kwamba jirani yake Mbantu hakuweza kupanga jiwe juu ya jiwe.

Tuwasikilize Wairaqw wenyewe. Masimulizi yao yanataja mahali paitwapo Ma'angwatay, walipokaa kwa wingi kabla ya kutawanyika. Yanamtaja kiongozi wao Haymu Tipe, na vita walivyopigana na Wabarbaig wakashindwa, kisha kuhama kwao mpaka wakafika Irqwar Da'aw, nchi ya milima iliyo upande wa Kainam, ambayo hata leo ndiyo kitovu chao. Katika masimulizi hayo vita vina nafasi kubwa kuliko mifereji ya mawe.

Tukienda Kainam tukatazama kilimo chao cha asili, twaona mambo mawili. La kwanza lafanana na Engaruka: ng'ombe walifungwa nyumbani, wala hawakuachwa kuzurura, na samadi yao ikachukuliwa shambani. La pili ni kinyume. Irqwar Da'aw ni nchi ya juu yenye mvua na ukungu, na hofu ya mkulima wa huko ni maji kuwa mengi yakachukua udongo wake. Kwa hiyo hugeuza nyasi chini, hufanya matuta, huchimba mitaro ya kuyaondoa maji taratibu. Mkulima wa Engaruka alichimba mtaro ili maji yamjie. Mtu aweza kuujua ufundi mmoja akajifunza mwingine, hilo hatulikatai. Lakini asiseme kwamba ufundi wa Kainam ni ule ule wa Engaruka uliohamishwa mlimani.

Kwa upande wa mifereji, walio karibu zaidi ni Wasonjo, yaani Wabatemi, wa wilaya ya Ngorongoro, ambao hulima kwa kumwagilia katika vijiji kama Samunge na Digodigo. Robert Gray, katika kitabu chake cha mwaka 1963, aliwaeleza wazee wao wenye kugawa maji, waitwao wenamiji. Msomaji wa Kiswahili halihitaji kamusi neno hilo: ni wenye miji. Kwao aliye na mji ndiye aliye na amri juu ya mfereji, na asiyepewa zamu ya maji ni kama asiye na mji. Hatusemi kwamba Wasonjo peke yao ndio warithi wa Engaruka. Twaona ni karibu zaidi na kweli kwamba mji ulipokwisha watu wake walitawanyika pande nyingi, wakaingia katika makabila yaliyowapokea, na huenda wengine wao waliingia kwa Wairaqw pia.

Wenyeji wa Hanang nao wasisahauliwe. Wadatoga, ambao Wabarbaig ni sehemu yao, walikaa katika milima ya Ngorongoro kabla ya Wamasai kuwaondoa, nayo milima hiyo iko juu ya Engaruka. Vitabu huwataja kama wavamizi tu. Lakini mkulima mwenye mtama na mfugaji mwenye ng'ombe, wakiwa majirani, hupigana na pia hubadilishana mali, na mara nyingi kubadilishana huchukua siku nyingi kuliko kupigana. Juu ya Mbulu yenyewe wapo waliosema kwamba Wairaqw walilima kwa bidii ile kwa kuwa walizingirwa na adui, wakakosa pa kupanua. Lowe Börjeson, katika kazi yake ya mwaka 2004, alilipinga wazo hilo, akaonyesha kwamba shamba zuri hukua kidogo kidogo kwa kazi inayolimbikizwa kizazi baada ya kizazi, na kwa biashara na majirani, wala si kwa hofu peke yake.

Hata mwisho wa Engaruka hueleweka vizuri zaidi kwa maji kuliko kwa mikuki. Baadhi ya mifereji ilianzia katika vijito ambavyo leo ni vikavu, ila mvua inyeshapo. Tope la chini ya ziwa lililo ndani ya kreta ya Empakaai limepimwa, likaonekana kwamba katika karne zile vipindi vya mvua na vya ukame vilipokezana. Vijito vikipungua, mashamba yaliyovitegemea hayana budi kuachwa, na watu wote kuurudia mto mmoja. Wamasai walipoenea bondeni huenda walikuta mji uliokwisha kupungukiwa.

Mto ule haukukauka. Leo maji yake hunywesha mahindi na migomba ya wakazi wa Engaruka Juu, na upande wa kusini mashamba mapya yamelala juu ya yale ya kale, hata mistari ya mawe hukatika ghafula penye jembe. Upande wa kaskazini, usiofikiwa na maji, mifereji bado yaonekana, na mwenye miguu aweza kuifuata.