Meko ya Vitshumbi

Katika nchi zote za Maziwa Makuu, tangu zama ambazo hakuna aliyeziandikia tarehe, moto wa nyumbani ulikuwa mmoja na kazi zake zilikuwa nyingi. Jina lenyewe lashuhudia ukale huo, kwani mawe matatu ambayo watu wa pwani huyaita mafiga, Waganda huyaita amasiga na Wanyarwanda amashyiga, neno moja lililogeuka kidogo tu kila lilipovuka mto. Kila Mswahili ajua kuwa figa moja haliinjiki chungu. Lakini aghalabu husahauliwa kuwa mafiga matatu nayo hayakuinjika chungu tu. Juu yake palikuwa na uchaga, samaki wakikauka kwa moshi karibu na kuni mbichi. Ubavuni palikaa sufuria nyeusi ya maji, ikipokea joto lililoponyoka baina ya mawe, hata jioni watoto wakaoshwa kwa maji ya uvuguvugu pasipo kuongezwa ukuni hata mmoja. Na wazee wakaota moto uo huo, wakazungumza kwa mwanga wake.

Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kilichoko kusini ya ziwa Edward, ambalo Stanley aliliita Albert Edward mwaka 1889, kilipata taabu ya moto mapema kuliko vijiji vingi, na sababu yake ni mahali kilipo. Mbuga iliyoasisiwa na Wabelgiji mwaka 1925 katika milima ya volkano ilipanuliwa miaka iliyofuata hata ikazunguka nyanda za Rwindi na ufuko wa ziwa, na watu wa Vitshumbi, kama wenzao wa Nyakakoma na Kyavinyonge, wakajikuta wakiishi ndani ya hifadhi, wakiruhusiwa kuvua lakini wakikatazwa kulima na kukata miti. Ziwa liliwapa ngege, kambare na kamongo; ila samaki, katika joto lile, hangoji safari ndefu ya kwenda Goma pasipo chumvi au moshi, na moshi hautoki pasipo kuni. Hivyo moto wa samaki ukatengwa na moto wa chakula, ukajengewa tanuri lake na kuhesabiwa gharama yake, ukawa moto wa biashara.

Moto uliobaki nyumbani nao ukaingia katika mbabula, jiko la bati ambalo mafundi hulikata kutoka katika mapipa ya mafuta, lenye mlango mdogo wa majivu chini na kinywa kipana cha kupokea sufuria moja, wala si mbili. Chakula chake ni makala, kama makaa yaitwavyo Kongo, nayo hutokana na kuni zilizofukiwa udongoni zikaungua polepole, kiasi cha kilo 6 hata 10 za kuni kwa kilo moja tu ya makaa. Walipokuja wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, wakapangwa katika makambi yaliyopakana na mbuga, miti ilikatwa kwa mamia ya tani kila siku. Na tangu hapo biashara ya makala imekuwa chanzo cha uhasama na hata cha damu. Mwaka 2007 shirika la WWF lilianzisha mradi wa EcoMakala ili wakulima wapande miti yao wenyewe ya kuchomea makaa, na majiko yenye kuta za udongo, mfano wa yale yaliyoenea Nairobi katika miaka ya 1980, yakaanza kuonekana Goma.

Wataalamu waliopima mafiga husema kuwa takriban sehemu 10 hadi 15 tu katika 100 za joto lake huingia chunguni, na hizo zilizobaki wakazihesabu kuwa hasara. Hapo ndipo nisipokubaliana nao kwa moyo mzima, maana hesabu ile haikuijua sufuria ya ubavuni, wala uchaga, wala mgongo wa bibi mzee wakati wa baridi ya alfajiri. Mafundi wa Ulaya walilijua jambo hili kwa njia yao: majiko yao ya chuma ya kuni yalikuwa na tangi la maji ubavuni au nyuma ya moto, na fundi aliyetaka kulifanya jiko la kupikia tu hakuthubutu kuliacha tangi limefungwa mabomba yake, kwani maji yaliyosalia yangechemka yakalipasua; bali alilitoa kabisa akajenga matofali ya moto mahali pake, au aliliacha wazi akalijaza mchanga mkavu. Kuiondoa kazi ya maji katika moto, basi, ni ufundi mzima. Mbabula yetu haikuombwa kuiondoa, kwa kuwa tangu siku ya kukatwa kwake haikupewa nafasi ya maji.

Maji ya kuoga yakawa na bei yake ya makala, na mama mwenye gunia linaloelekea kwisha akawa na hesabu mpya ya kufanya kila magharibi. Lakini tazama bugali inapokwisha kusongwa na sufuria ikateremshwa: hazimi makaa, bali huyafunika majivu kwa ncha ya kijiti, akifunga mlango mdogo wa chini ili hewa ipungue, kisha huweka birika juu yake na kwenda kuwaita watoto.